Sweta la Steini Lililogeuka Sketi

Lauga alikuwa na wajukuu wanne wa kike, na wote wanne walikuwa na tabia moja: wakitoka nje wakati wa mapumziko ya shule, hukaa kitako juu ya theluji. Suruali zao hazikusaidia kitu. Walirudi na makalio ya baridi kama samaki wa kwenye friza, wakaenda kuligeuzia mgongo jiko la bibi yao, mmoja mmoja kwa zamu. Ndipo Lauga akaamua kwamba kabla Januari haijafika katikati, kila mmoja atakuwa na sketi nzito ya sufu ya kuvaa juu ya suruali. Sufu mpya ya dukani aliitazama bei, akairudisha taratibu, akajifanya alikuwa anatafuta vifungo.

Ya kwake alijua itatoka wapi. Pale kijijini Sandvik, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, akina mama huuza mitumba siku mbili kila baada ya Mwaka Mpya. Saa ya mwisho ya siku ya pili ndiyo yenyewe. Unatoa dola tatu, unapewa mfuko wa karatasi, na chochote utakachoweza kushindilia humo ni chako, mradi mfuko usipasuke. Kwa kushindilia, Lauga hakuwa na mpinzani. Alikuwa anakunja mikono ya sweta kwa ndani, analiviringisha kama mkeka, analikalia kidogo litoe hewa, kisha analisimamisha mfukoni ubavuni mwa lenzake. Siku ile alitia masweta kumi na moja, na kwenye upenyo uliobaki akachomeka shuka kuukuu la flaneli, la kufanyia bitana. Ukumbi ulikuwa na joto kwa ajili ya yale mabirika makubwa ya kahawa, na watu walikuwa wamevua masweta yao wakayatupa popote walipoona meza. Hilo Lauga alikuja kulikumbuka baadaye.

Nyumbani aliyatia kwenye mashine kwa maji ya moto kabisa, pamoja na mipira miwili ya tenisi ya kuyapigapiga. Sweta la sufu ukilitesa hivyo linasinyaa, nyuzi zinashikana, linakuwa zito kama blanketi, na hata ukilikata halifumuki. Moja tu lilimsumbua. Lilikuwa la kijivu, kubwa kama hema, linanuka samaki wa kukaanga, tumbaku, na mtu mzima. Alilifua mara ya kwanza, mashine ikatema maji ya rangi ya chai. Akalifua ya pili. Ya tatu akatia siki. Lilipotoka lilikuwa dogo, safi, na zuri kuliko yote.

Hilo ndilo alilomshonea Birna, kitinda mimba wa wajukuu, mwenye miaka sita. Alilikata chini ya makwapa, akaligeuza juu chini. Ile sehemu ya chini inayobana ikawa kiuno. Akaikunja mkunjo mmoja na kupitisha lastiki kwa pini. Kifua kikawa pindo. Tundu lililounguzwa na sigara alilifunika kwa kijimfuko chenye umbo la samaki. Pale kiunoni palikuwa na vistari vinne vyeupe vilivyoshonwa kwa mkono, na Lauga akaviacha, akiona ni urembo. Mikono ya sweta aliitupia kapuni. Ingetoa glavu.

Jumatatu alasiri akaingia Steini, akikung'uta theluji mlangoni, uso umemshuka. Steini alikuwa nahodha wa timu ya mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, na Valdi, mume wa Lauga, alikuwa mmoja wa wale wanaotangulia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa fagio ili liteleze mpaka kwenye duara. Jumamosi ilikuwa fainali dhidi ya watu wa ng'ambo ya ziwa. Valdi alikuwa hajafika fainali kwa miaka saba, na tangu Novemba alikuwa analala na fagio lake chini ya kitanda.

Steini akaeleza kwamba ameshagonga karibu kila mlango wa kijiji. Kule kanisani alivua sweta lake ili asaidie kubeba meza, kugeuka, halipo. Na halikuwa sweta la kuvaa tu. Alikuwa amelivaa kwenye mechi zote kwa majira ya baridi kumi na tisa, na hajawahi kulifua hata siku moja, kwa kuwa maji huondoa bahati. Kila alipotwaa kikombe alilishonea kistari kimoja cheupe pale chini.

Lauga akamimina kahawa ndani ya bakuli la sukari.

"Steini," alisema, "hivyo vistari ni vinne?"

"Vinne. Umeliona?"

Kabla hajajibu, Birna akaingia kutoka shule, akavua koti, akazunguka mara mbili katikati ya jiko ili sketi ipepee. Haikupepea, ilikuwa nzito mno, lakini vistari vilionekana vizuri.

Steini alimwita karibu, akapiga magoti kwa shida, akanusa pindo.

"Linanuka maua," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Valdi alijifunika gazeti usoni. Kutoka nyuma ya gazeti aliuliza, "Mke wangu, umelifua mara ngapi?"

"Tatu."

"Na siki," Birna akaongeza. "Mimi ndiye niliyemimina."

Steini alisema basi, yeye Jumamosi hachezi, na Valdi akalishusha gazeti haraka. Lauga akamwomba Birna amwazime babu Steini sketi ajaribu. Steini aliingiza mguu mmoja. Sketi ilipanda mpaka gotini ikagoma, na ilibidi Lauga avute huku na Valdi avute kule kuitoa.

"Babu, usinilegezee lastiki," Birna alisema. "Nikidondokwa na sketi darasani nitasema ni wewe."

Hapo Lauga akakumbuka ile mikono. Akamwamuru Steini asimame aache kununa, akamzungushia utepe wa kupimia. Utepe ulikwisha kabla ya Steini, akamalizia kwa kipande cha uzi. Steini aliuliza anapimiwa nini. Alipoambiwa sketi, alisema heri afe.

Lauga akaondoa pini mdomoni.

"Kaka Steini, miaka kumi na tisa ukichuchumaa pale kwenye barafu kusukuma jiwe, sweta linapanda, suruali inashuka, na kijiji kizima kinauona mgongo wako mpaka unakoishia. Mimi nimeuona kuliko ninavyouona wa mume wangu. Hii haitakuaibisha. Itakusitiri."

Steini alimtazama Valdi. Valdi alitazama dari.

Basi ikashonwa. Mikono ile miwili ilipasuliwa, ikawa mbele na nyuma, maana bahati iliyobaki ilikuwa humo kama ilikuwepo. Ubavuni akaunga vipande vya masweta mengine: cha kahawia, cha kijani, na kimoja chenye kulungu aliyekatika kichwa. Ndani akatia flaneli yenye maua, ambayo Steini hakuambiwa.

Jumamosi Steini alipochuchumaa kusukuma jiwe la kwanza, nahodha wa ng'ambo alicheka mpaka akaketi kwenye barafu. Zamu yake ilipofika alikuwa bado anacheka, na jiwe lake likapita duara likagonga ukuta. Mechi zote za nyuma, kufika raundi ya sita Steini huwa ameshika kiuno akilalamika upepo. Safari hii alichuchumaa kama kijana. Jiwe la mwisho Valdi alilisugulia njia mpaka fagio likatoa manyoya, nalo likasimama karibu na kitovu cha duara, likilizidi la wenzao kwa upana wa kidole gumba. Kila mchezaji akapewa kikombe kidogo na bata mzinga aliyegandishwa.

Kwenye kahawa, nahodha wa ng'ambo alimsogelea Lauga, akatazama huku na huku, kisha akamnong'oneza kipimo cha kiuno chake.

Steini naye alileta sindano na uzi mweupe ili kistari cha tano kishonwe hapohapo kwenye sketi aliyovaa. Akamwinamia Birna, akamweleza kwa umakini wa mtu anayegawa urithi kwamba sketi zao zimetoka sweta moja, kwa hiyo hakuna kufua, si yake wala ya Birna.

Sasa ni Machi. Sketi ya Birna ina supu, gundi, rangi ya maji, na kitu kingine ambacho Lauga ameamua asikijue. Kila akikaribia na ndoo, mtoto anaishika kiuno kwa mikono miwili na kumuuliza kama anataka babu Valdi ashindwe.