Kibanda cha Trekta ya Mama Nomsa

Trekta ilisimama kwa miguu ya nyuma. Naapa. Magurudumu ya mbele yalinyanyuka pale mteremkoni, na ndani ya chuma alichokijenga mume wangu, Mama Nomsa aliukamata usukani kwa mikono miwili akimwita Mungu na watakatifu wake wote. Kisha trekta ikarudi nyuma, ikakalia lundo la mbolea, ikazima.

"Gustave, baba," sauti ikatoka katikati ya nondo, "umenijengea kibanda au jela?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikauona uso wake, kicheko kikanikauka. Ilikuwa Juni 2017, baridi imeshaingia, na hatukuwa na mpango mwingine.

Mama Nomsa, Hedwiga kwa jina la ubatizo, ni mzaliwa wa Morogoro. Huko aliolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini, akamfuata kwao uhuru ulipopatikana, na huku huku akamzika. Marehemu alimwachia kipande cha ardhi chini ya kilima, pembeni mwa Kensington, hapa Johannesburg, na trekta ndogo nyekundu. Alilima spinachi, na wachuuzi wa mjini waliigombania.

Baridi ya Johannesburg haina mvua wala huruma. Alfajiri shamba zima huwa jeupe kwa barafu, na mboga lazima imwagiwe maji kabla jua halijaipiga, la sivyo majani yanaungua. Kwa hiyo kila alfajiri Mama Nomsa alilivuta tangi la maji kwa trekta, kifua wazi kwa upepo. Mwaka uliotangulia nimonia ilimlaza hospitali, tukadhani tunampoteza. Nomsa, mwanawe wa pekee, akatoa neno: mama akikohoa tena, trekta inauzwa, naye anahamia kwake mjini.

"Ghorofa ya tisa," Mama Nomsa alituambia, kama mtu anayeonyeshwa kaburi lake. "Nikae nitazame televisheni."

Sisi tulipofika kutoka Lubumbashi, mama huyu alitupa chumba cha uani na sufuria ya kupikia, bila kutuuliza karatasi. Gustave alipoyasikia ya ghorofa, aliweka kijiko chini. "Nitamujengea nyumba juu ya ile trekta," akasema.

Sasa, mume wangu ni fundi wa grili za madirisha, pale Jeppestown. Mji mzima unalala nyuma ya kazi za mikono ya watu kama yeye. Akajenga kama alivyozoea kujenga: nondo nene, mlango wa bamba la chuma, komeo mbili, na mahali pa kufuli. Nilipomuuliza kufuli ya nini, alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto.

"Mama Glody, mu Joburg kitu bila kufuli haiko yako."

"Baridi nayo inavunja kufuli?"

Akaendelea kuchomelea. Na trekta ilipokaa juu ya mbolea ndipo alipotambua kwamba uzito wote ameurundika nyuma. Alizunguka ile kazi yake mara kadhaa, kofia mkononi. Nilimhurumia. Mwanamume aliyejivunia kitu mbele za watu, halafu kikamwangusha, si wa kuchekwa mara mbili.

"Kata," nikamwambia. "Uniachie mifupa tu. Nyama nitashona miye."

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kanzu za kwaya na mahema ya maombi, lakini sikuwa nimewahi kuishonea nguo mashine. Nilimkalisha Mama Nomsa kwenye kiti cha trekta na makoti yake yote, nikampima na futi: mabega, magoti, kiwiko anapokata kona, kilemba chake kirefu ambacho hakubali kukivua. Gustave alibakiza mabomba membamba ya vitanda vya zamani. Nikayavika turubai la tangazo la barabarani, maandishi yakiangalia ndani, nikatia madirisha ya plastiki angavu na zipu ya hema mlangoni. Nyuma nikaacha mpasuo, kama wa koti la suti, ili pumzi na moshi vipate pa kutokea, joto la injini libaki ndani. Sindano tatu zilivunjika. Vidole vyangu sitavisema.

Julai, Jumamosi, tukiwa pale shambani kumekucha, Nomsa akaja na mwanamume mmoja. Hakuficha: alikuwa mnunuzi wa trekta. Kwa hasira nikataka kumwambia maneno. Gustave akanishika mkono.

Trekta ilikuwa inapanda mteremko, tangi nyuma, magurudumu yote manne ardhini. Nyasi zilikuwa nyeupe. Nomsa, ndani ya jaketi lake zito, alikunja mikono kwapani, akatembea hadi kando ya njia. Pale dirishani, nyuma ya plastiki, mama yake alipita akiimba. Makoti yalikuwa yamening'inia kwenye bomba. Alivaa blauzi ya mikono mifupi.

Nomsa aliitazama ile mikono wazi mpaka trekta ikageuka mwisho wa tuta. Mnunuzi akakohoa, akauliza kitu kuhusu injini.

"Cha, bhuti," Nomsa akamjibu. "Asithengisi."

Kizulu changu ni cha sokoni, lakini hilo nililijua: hapana, kaka, hatuuzi. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Trekta ikatufikia. Zipu ikashuka kidogo, na mvuke wa joto ukatoka pamoja na uso wa Mama Nomsa.

"We Nomsa," akasema, "unasimama kwenye barafu na viatu hivyo? Ingia ndani, utakohoa."