Chakula cha Kitini

Mama Trei hakuwa na mtoto hata mmoja. Jina hilo alipewa na wauguzi wa hospitali aliyofanyia kazi miaka kumi na tisa, jikoni, akiandaa trei za wagonjwa wasioweza kuinuka. Alilizoea kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, aligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Kazi yenyewe watu waliidharau, wakidhani ni kukata mkate tu. Lakini kumlisha mtu aliyelala chali na mkono mmoja tu unaofanya kazi, asipaliwe, asimwage, asijichafue, na bado ashibe na aone raha, si jambo la kila mwenye kisu. Mama Trei aliliweza, na alijua kwamba aliliweza. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa maradhi yake.

Hospitali ilipofunga jiko na kuanza kuletewa chakula kutoka nje, alirudi nyumbani na visu vyake vitatu, akamkuta mdogo wake wa mwisho kitini. Huyu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, aliyelelewa naye tangu mama yao alipofariki, na watu waliompenda mtandaoni walimwita Kidole. Kidole alicheza michezo ya video, na kucheza huko ndiko kulikokuwa kazi yake. Aliketi katika kiti kikubwa cheusi chenye mito, mbele ya skrini mbili na kamera ndogo, mapazia yakiwa yamefungwa, saa kumi na nne kwa siku. Maelfu ya watu walikaa majumbani mwao kumtazama tu. Mama Trei hakuwahi kuelewa mtu anapata nini kwa kumtazama mwenzake akicheza, ila aliona sukari na mchele vinaingia ndani, akanyamaza.

Kilichomuudhi ni namna alivyokula. Mara biskuti, mara vile viazi vya pakiti, mara soda ya kopo inayoachwa ikaisha gesi. Vidole vikijaa mafuta alivifuta kwenye suruali na kurudi mchezoni. Siku moja alitoka chumbani uso umemshuka.

"Dada, nimeuawa na kiazi."

"Umeuawaje na wewe umesimama hapa?"

"Kidole kimeteleza kwenye kitufe. Mafuta ya kiazi. Watu elfu sita wameniona nakufa kijinga."

Mama Trei alicheka mpaka akaketi. Kisha akainuka, akaenda kunoa kisu.

Tangu siku ile chumba kile kililishwa kama wodi. Mkate ulikatwa vipande vya kuingia mdomoni kwa mara moja, maganda yote yameondolewa, umepakwa siagi ndani na si nje, usiache chembe. Mayai yalichemshwa, yakamenywa, yakagawanywa mara mbili na kutiwa chumvi huko huko jikoni. Viazi vilichomwa vikavu na kuchomekwa vijiti vya meno. Karanga ziliwekwa katika kikombe chembamba, mtu anakiinua na kumimina kinywani bila kugusa hata moja. Supu ilichujwa ikatiwa kwenye chupa yenye mrija mpana, na chai iliachwa ipoe kwanza ili mnywaji asipoteze muda kupuliza. Chupa aliifunga kwenye mkono wa kiti, mrija umeelekezwa mdomoni, kama alivyowafungia wagonjwa wa mgongo. Kidole hakuhitaji kugeuza hata shingo.

Mambo yakaenda vizuri kupita kiasi. Wale watazamaji waliona tu mkono wa mwanamke ukiingia pembeni mwa picha, ukiweka trei na kutoka, na wakaupenda kuliko walivyompenda mwenye mchezo. Saa ya trei ikikaribia walianza kuandika: Mkono unakuja. Ukichelewa dakika mbili waliuliza kama Mkono unaumwa. Wengine waliomba wafundishwe na wao, wapate vya kula bila kuondoka kitini, na Mama Trei, kichwa kimemvimba kidogo, akamwambia Kidole awaandikie kila kitu, kuanzia ukubwa wa kipande hadi upana wa mrija. Baadaye walituma picha za trei zao. Alizitazama moja moja, akasema huyu amekata vikubwa mno, atapaliwa.

Neno moja tu lilimkwama kooni, na lenyewe lilitoka kwa Kidole.

"Dada, chakula chako hakina kasoro. Ila maji yananitoa kitini."

"Yanakutoaje?"

"Nakojoa. Nikienda kukojoa, nakufa. Punguza maji."

Angemkatalia, maana wodini maji hayakuwa jambo la kuchezea. Lakini mashindano makubwa yalikuwa yanakaribia, siku nne kuanzia asubuhi mpaka jioni, na masharti yake yalikuwa magumu: pambano likianza, mchezaji akiacha kiti zaidi ya dakika tatu ametolewa. Mama Trei alikubali shingo upande. Akapunguza maji yakawa glasi mbili kwa siku. Badala ya soda akampa maziwa mazito na uji mzito, na kahawa baridi kidogo kidogo ya kumfungua macho. Kidole hakuinuka tena. Trei ilitoka tupu kila mara, na kwake trei tupu ilikuwa jibu la kila kitu. Siku ya kufa kwake, mama yao alimshika mkono kitandani na kumwambia asimwache mdogo wake na njaa. Hakumwambia lingine, pumzi haikumtosha.

Siku ya tatu ya mashindano, saa tano asubuhi, aliingia na viazi akaona kiatu kimoja cha Kidole kimevuliwa na soksi imeteremshwa. Mguu wa kushoto. Alama ya soksi ilikuwa imezama katika nyama, na juu ya alama hiyo mguu ulikuwa mnene, unang'aa, umekuwa mwekundu upande wa nyuma. Mguu wa kulia, chini ya meza ile ile, ulikuwa mwembamba kama kawaida yake.

"Umefanya nini mguuni?" alinong'ona, ili kamera isimsikie.

"Umekufa ganzi tu. Tangu juzi."

"Juzi, na hukuniambia?"

"Dada, niko vitani."

Alinyoosha mkono akaushika. Ulikuwa wa moto. Kidole alisaga meno lakini macho yake hayakuacha skrini. Mkono wa Mama Trei ulikuwa umekaa ndani ya picha muda mrefu kuliko kawaida, na watazamaji wakaanza kuandika maneno ya kuchekesha. Hakuyasoma. Alitoka na trei ile ile mkononi, viazi vyake juu, mpaka alipofika jikoni ndipo akagundua hakuiacha.

Aliketi kwenye kigoda, na kitu ambacho hakuwahi kukifikiria kikamjia. Wodini, kabla ya kila mlo, palikuwa na mwanamume mfupi wa mazoezi. Alivuta pazia, akawakunja wagonjwa miguu na kuwanyoosha, akawageuza ubavu huu na ubavu ule, huku Mama Trei amesimama nje na kitoroli chake, supu inapoa, anagonga sakafu kwa kisigino. Miaka kumi na tisa alimchukia mtu yule kama mchelewesha chakula. Hakuwahi kuuliza anafanya nini nyuma ya pazia. Tumbo lilikuwa la jikoni. Miguu ilikuwa na wenyewe. Basi alipoihamishia wodi nyumbani, alihamisha upande wake tu.

Akajiambia tatizo ni kukaa, na dawa ya kukaa ni kusimama. Akili yake ilifika hapo ikatulia, kwa sababu hapo palikuwa na kazi ya kufanya kwa mikono. Mtu asiyeinuka kwa sababu chakula kinamfuata, atainuka chakula kisipomfuata.

Akafungua dirisha la sebuleni. Akakunjua kitambaa, akakitandika juu ya meza ambayo tangu arudi ilikuwa ya kuwekea nguo za kupigwa pasi. Akapika wali, akapika kuku mzima mwenye mifupa yake na mchuzi mwingi wa moto, chakula cha kushikwa kwa mikono miwili, cha kumwagika, cha kumchafua mtu mpaka viwiko. Hakukata kitu. Aliweka jagi zima la maji. Harufu ilipojaa nyumba nzima alikwenda mlangoni kwa Kidole, na kwa mara ya kwanza hakuingia.

"Leo hakuna chakula cha kitini," alisema. "Chakula kiko mezani."

"Dada, usinifanyie hivyo. Nileteeni hapa."

"Nani na nani wakuletee? Niko peke yangu, na sileti. Pambano hili likiisha, uje. Uje kwa miguu yako."

Kisha Kidole akacheka, cheko lile la utotoni alipokuwa anajua ameshindwa. "Harufu hiyo umeitengeneza makusudi."

"Makusudi kabisa."

"Dakika ishirini. Nikimaliza nakuja."

Mama Trei alirudi sebuleni akajisikia vizuri. Tuseme kweli, alijisikia vizuri sana. Alisogeza sahani, akasogeza kijiko, akaona bado ana muda, na ndipo alipowaza kumpigia simu muuguzi mmoja waliyepatana naye zamani, amuulize ni dawa gani ya kupaka mtu akivimba mguu.

"Mama Trei wewe," muuguzi alisema kwa furaha. "Nani anakulisha siku hizi?"

"Najilisha. Sista, mdogo wangu amevimba mguu. Nataka dawa ya kupaka."

"Miguu yote au mmoja?"

"Mmoja. Wa kushoto."

"Una joto?"

"Wa moto."

"Mwekundu? Anasikia maumivu kwa nyuma, hapa kwenye shavu la mguu?"

"Ndiyo."

Furaha ilitoka katika sauti ya muuguzi, taratibu, kila jibu likiipunguza. "Anafanya kazi gani?"

"Anakaa. Kazi yake ni kukaa. Kutwa nzima. Miezi minane sasa."

"Anakunywa maji?"

Mama Trei alilitazama jagi la maji pale mezani. Upande wa pili alisikia muuguzi akifunga mlango ili kelele za wodini zipungue.

"Nisikilize vizuri, dada yangu. Huenda ni damu imeganda ndani ya mshipa. Hiyo ikibaki mguuni ni ugonjwa wa kutibika. Ikibanduka ikapanda kifuani, ni jambo lingine kabisa. Umemkanda?"

"Hapana. Nimeshika tu."

"Usimkande. Usimpake kitu. Na asisimame, asitembee. Hapo alipo abaki hapo hapo, nakutumia gari sasa hivi na watu wa kumbeba. Unanisikia? Hata akitaka kwenda msalani mzuie. Akianza kuhema, au kifua kikimchoma, nipigie kabla hata hujamaliza kumtazama."

"Nakusikia."

"Yuko wapi sasa?"

Ukutani saa ilionyesha dakika kumi na tatu tu zimepita. Alikuwa na saba. Mama Trei alianza kuelekea chumbani, simu sikioni, mkono mwingine umenyooshwa mbele kama mtu anayetafuta ukuta gizani, ingawa ulikuwa mchana mweupe na jua limejaa sebule nzima.

Kisha akasikia magurudumu ya kile kiti yakirudi nyuma.

"Nimewamaliza mapema," Kidole alisema kutoka ndani. "Njaa imenitia hasira, nimewafagia wote."

"Kaa," alisema Mama Trei, lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyepaliwa. "Kaa hapo hapo. Usi..."

Mlango ulifunguka. Kidole alisimama kizingitini, mrefu kuliko alivyomkumbuka, anakunja uso kwa sababu ya mwanga. Nyuma yake kiti kilikuwa kitupu, na kwenye skrini maandishi yalikuwa yakishuka kwa kasi, watu wakiuliza Mkono uko wapi. Alipiga hatua akichechemea, akamwona dada yake amesimama katikati ya njia, akadhani amekuja kumpokea, akamshika bega kwa upendo na kumpita.

Zilikuwa hatua tisa kutoka pale hadi mezani. Mama Trei alizisikia zote kwa nyuma, moja nzito, moja nyepesi. Alipogeuka, Kidole alikuwa ameshavuta kiti na kukaa, na anamtazama kuku kama mtoto.

"Mezani bwana," alisema. "Nilikuwa nimesahau kama tuna meza."

Akachukua kijiko. Akakiweka chini. Akajishika ubavuni kwa kiganja, akatabasamu kidogo kama anayeona haya.

"Ajabu, Dada. Hatua hizi chache tu, pumzi imenikatika."

Simu ilikuwa bado sikioni. Muuguzi alikuwa anauliza tena, kwa sauti ya juu sasa, mgonjwa yuko wapi.

"Yuko mezani," Mama Trei alimjibu. "Amekuja kula. Nimemwita mimi."