Luseno Ahamisha Kompyuta ya Mkewe

Luseno alipostaafu kutoka kiwanda cha biskuti huko Industrial Area, baada ya miaka thelathini na moja ya kurekebisha mashine, alikaa nyumbani Mbotela wiki mbili tu kabla hajaanza kusumbua. Alifungua pasi iliyokuwa nzima, akaifunga ikiwa mbovu. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu hadi ule. Mkewe, Triza Nafula, alivumilia. Kisha binti yao, Nekesa, akamnunulia baba yake simu ya kioo kikubwa, na humo mzee akagundua habari za teknolojia.

Tangu hapo chai ya asubuhi haikunyweka kimya.

"Mama Nekesa, umesikia? Wanasema ukiweka jina la mtoto kuwa paswadi, mwizi anaikisia kabla hujapepesa jicho."

Paswadi ya Triza ilikuwa nekesa. Alimimina maziwa akasema, "Basi huyo mwizi akishaingia anisaidie kuchapa. Nina kazi nyingi."

Triza alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, si mbali na Jogoo Road. Alikuwa na kompyuta moja, printa moja, na benchi la wateja. Mlango wa pili Mumina aliuza madera na mitandio. Mchana, Luseno alipopeleka chakula cha mkewe, benchi liligeuka baraza. Mumina aliapa kwamba simu zinatusikiliza: alitaja friji mbele ya shemeji yake, na kesho yake simu ikaanza kumwonyesha friji. Wasike, fundi wa vitanda Gikomba ambaye hupita pale mara kwa mara, alisema yeye ana paswadi moja kwa kila kitu, na akiisahau hiyo basi amestarehe. Luseno aliwasikiliza, akakohoa, akatoa hukumu. Triza aliwapa mgongo na kuendelea kuchapa, ila mara nyingine mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

Mwezi wa kumi ikaja habari iliyomkosesha Luseno raha. Windows iliyokuwa kwenye kompyuta ya Triza haingepewa tena marekebisho ya usalama, na kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani mno kupokea Windows mpya.

"Ni kama nyumba isiyo na komeo," alimwambia.

"Nani atakuja kuiba ratiba za mazishi?"

"Virusi havichagui, Mama Nekesa."

Na kweli, wiki mbili baadaye mteja mmoja alileta flashi yenye virusi, na Triza akapoteza asubuhi nzima akiisafisha kompyuta. Luseno hakusema "nilikwambia," lakini alikunywa chai yake kwa namna iliyosema hivyo. Kufikia wakati huo alikuwa amepata dawa. Kulikuwa na mfumo mwingine, Linux, wa bure, usiosumbuliwa sana na virusi, na unaokimbia vizuri hata kwenye kompyuta iliyochoka. Alikuwa ametazama video kumi na nne.

"Tuihamishe," alisema. "Ni kazi ya saa mbili."

Triza aligeuza kiti, akamtazama usoni. "Baba Nekesa, hiyo mashine naijua kama jikoni kwangu. Najua chumvi iko wapi gizani. Usiiguse."

"Lakini..."

"Usiiguse."

Alinyamaza. Ila kuna kunyamaza kwa aliyekubali na kuna kunyamaza kwa anayengoja, na kwa ndoa ya miaka ishirini na tisa Triza alipaswa kukutambua huko kwa pili. Siku hizo alikuwa na shughuli nyingi. Mpwa wake alikuwa analetewa mahari Webuye, na Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na mbili akafunga safari, akamwachia mumewe ufunguo wa kibanda ili awape watu kazi zao zilizokwisha kuprintiwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi Luseno alivuta kiti cha mkewe, akavaa miwani, akaweka simu yenye video mbele yake. Hakuwa mzembe. Kwanza alifungua folda iliyoandikwa Documents akainakili yote kwenye flashi, akaitoa, akaifunga kwa leso na kuitia mfukoni. Ndipo akaendelea. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika kwamba anataka kufuta kila kitu. Alikuwa na hakika. Saa saba ikawaka na sura mpya, nyepesi, bila kukwama. Hata printa, ambayo kwa kawaida ilitaka kuzimwa na kuwashwa mara mbili kabla ya kutii, ilitoa karatasi papo hapo. Alimwita Mumina aje aone.

"Mashallah," alisema Mumina. "Na kazi za mama ziko wapi?"

Luseno alichomeka flashi kwa madaha. Ndani mlikuwa na vitu sita: maelezo ya printa, picha mbili za keki, barua moja ya mwaka 2016, na vitu vingine viwili visivyofunguka.

Alivihesabu tena. Kisha akakumbuka kompyuta ilivyokuwa inawaka kila asubuhi, uso wake wote umejaa folda ndogo za manjano, safu kwa safu, kila moja na jina la mtu. Triza hakuwa na desturi ya kuweka kazi zake ndani ya Documents. Aliweka kila kitu pale mbele, anapokiona. Jikoni kwake.

"Mumina," alisema. "Nimechoma nyumba."

Mumina hakumpa pole wala lawama. Alifunga duka, akampeleka Eastleigh pamoja na kompyuta kwa Abdifatah, yule shemeji wa friji, ambaye ni fundi wa kompyuta. Kijana aliiunganisha na mashine yake, akaangalia, akauliza maswali mawili, akatikisa kichwa. "Mzee, diski za aina hii zikifutwa, zimefutwa. Na juu yake umeshaweka mfumo mwingine. Ni kama umelima shamba la mwenzako ukapanda vyako. Siwezi kukudanganya."

Walirudi Mbotela. Luseno alimpigia Triza. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vigelegele na nyimbo, naye alikuwa anacheka kama msichana. "Ungewaona, Baba Nekesa! Shangazi amekataa kuketi mpaka aletewe blanketi lake!"

"Wasalimie wote," alisema Luseno, akakata.

"Hukumwambia," alisema Mumina.

"Ana furaha."

"Sawa, muache leo. Lakini asije akaambiwa na mimi, wala na kompyuta. Aambiwe na wewe, kabla hajafika hapa."

Jumapili hakwenda kanisani. Alikuwa amewaza kwamba kila kilichotoka kwenye ile kompyuta kilitoka kwa karatasi, na karatasi hizo ziko kwenye nyumba za watu. Akachukua mfuko, akaanza kuzitafuta.

Kule mtaa wa Huruma alipanda ghorofa tano hadi kwa Phelister, katibu wa chama cha akina mama. Mama huyo alimpa katiba ya chama, kurasa nane, na mguu ulipokuwa mlangoni akamwita arudi. "Chukua na hii." Ilikuwa barua ya kuomba kazi. "Mama Nekesa aliniandikia mara tano. Kila nikikataliwa alisema, 'Leta tuone tulikosea wapi.' Ya sita nikaajiriwa."

Gikomba, Wasike alikuwa anapiga msasa ubao wa kitanda. Aliposikia shida alifuta mikono, akatoa mfuko wa plastiki kutoka kwenye sanduku la misumari. Ndani mlikuwa na ratiba ya mazishi ya mama yake, imekunjwa mara moja tu ili isiharibike.

"Mzee, hii nakupa lakini nitaifuata mwenyewe kesho," alisema. "Unajua siku ile nilienda kwa mama watoto wako nikiwa sina neno. Nilimwambia aandike tu tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Akasukuma kompyuta kando. Akaniuliza, 'Ulipokosea, mama yako alikufanyaje?' Nikaanza kuongea. Niliongea mpaka nikalia."

Luseno aliketi juu ya rundo la mbao akasoma. *Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukikosea, alikupikia kwanza. Ukishashiba, ndipo alipokuuliza ulikuwa wapi.* Alisoma ukurasa wote, akaurudia. Siku zote alidhani kazi ya mkewe ni kuchapa walichoandika watu wengine. Alikuwa amempelekea chakula pale kila siku tangu astaafu, ameketi kwenye lile benchi akizungumzia wezi wa mtandao, na hakuwahi hata mara moja kuuliza ni nini kilichokuwa mle ndani cha kuibwa.

Jioni alimngojea Triza pale basi linaposhusha watu. Alimpokea mzigo, na kabla hata hawajavuka barabara akamwambia. Alisema yote, hakubakiza.

"Zote?" aliuliza Triza.

"Zote."

Alichukua mzigo wake kutoka mkononi mwa mumewe, akatangulia.

Siku tatu hazikuwa na kelele. Triza alipika, alimwekea chakula, akamjibu alichoulizwa. Asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama na kwenda zake. Kibandani alijifunza ule mfumo mpya peke yake, akibonyeza huku na huku kwa midomo iliyofungwa. Luseno aliazima laptop ya zamani ya Nekesa, akaketi mezani sebuleni na mfuko wa karatasi, akaanza kuzichapa upya kwa vidole viwili. Katiba ya chama ilimchukua siku moja na nusu. Kisha akaanza ya mama yake Wasike, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda, na Wasike alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuidai karatasi yake.

Jumatano saa kumi Triza alirudi mapema. Alipita nyuma yake kwenda jikoni, akasimama.

"Baba Nekesa."

"Naam."

"Soma hapo ulipoandika."

Luseno alisogeza miwani. "Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukikosea, alikupiga kwanza. Ukishashiba..." Akasogeza uso kwenye kioo.

"Mama Wasike hakumpiga mtu maisha yake yote," alisema Triza, na sauti ikamkatika katikati, akashika ukuta, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi. "Alikupiga kwanza! Ukishashiba! Ungeua watu mara ya pili."

Luseno naye alicheka, kwa woga kwanza, kisha kwa nafuu. Wakicheka hivyo Triza akaanza kulia kidogo, akajifuta kwa kanga.

"Unajua mimi sikukasirikia faili," alisema. "Vitu hupotea. Hata hiyo kompyuta ingekufa siku moja, na mimi sikuwa nimeweka nakala popote. Hapo na mimi nina makosa. Lakini nilikwambia usiiguse."

"Nilijua utakataa."

"Ndiyo. Na nikakataa. Sasa kama hukutaka kunisikia nikikataa, uliniuliza ya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu apewe simu ile hakutafuta jibu. "Nisamehe," alisema. "Sikujua unaandika hivi. Nimesoma zote zilizomo humu. Sikujua."

Triza alimtazama, akaona anamaanisha. Akavuta kiti karibu. "Sogea. Unabonyeza hizo herufi kama unaua kunguni. Tumia na kidole gumba."

Habari ikaenea, kama inavyoenea Mbotela. Watu wakaanza kuleta karatasi wenyewe: kadi za harusi, maombi ya kanisani, wasifu wa marehemu uliokuwa umehifadhiwa ndani ya Biblia. Wengine walipata faili zenyewe kwenye WhatsApp, kwa maana Triza aliwahi kuwatumia wazisome kabla ya kuprinti. Kufikia mwezi wa pili theluthi moja hivi ilikuwa imerudi. Nyingine hazikurudi, na Triza alikuwa na siku ambazo aliikumbuka moja, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi.

Luseno alijitolea kurudisha Windows. Triza alikataa. "Nimeshapanga vyungu vyangu. Sihami mara mbili." Kila Ijumaa sasa ananakili kila kitu kwenye diski ndogo, na Mumina anaihifadhi katikati ya mitandio ya hariri. Paswadi ya kompyuta ni nyingine. Luseno hajaambiwa, naye hajauliza.

Asubuhi mzee bado anasoma habari zake, na Triza ananywa chai akiwa ameketi. Ila kuna jambo limebadilika kwa mzee huyu, na wakati mwingine linapita kiasi. Jana aliamka kabla ya mkewe, akasimama katikati ya sebule mikono nyuma, mpaka Triza alipotoka chumbani.

"Mama Nekesa, naweza kuwasha redio?"

Triza alimpita, akampapasa bega. "Washa, mume wangu. Washa redio."