Stuli Iliyolia Ndani ya Santuri

Shangazi hakuwa na desturi ya kuisikiliza santuri yake mwenyewe. Aliirekodi akiwa na miaka ishirini na tisa, ikampa jina, na tangu hapo ikakaa kabatini juu ya nyingine zote, imetulia kama cheti cha ndoa. Alisema mpiga piano akijisikiliza sana atajipenda au atajichukia, na yote mawili yanaharibu vidole. Lakini kutoisikiliza hakukumzuia kuwachapa nayo watu. Kila mwanafunzi aliyekosea mbele yake aliambiwa, "Nenda kasikilize nilivyopiga mimi, halafu urudi tuzungumze."

Aliyeambiwa hivyo kuliko wote ni binti wa kaka yake. Alimchukua mtoto huyo akiwa na miaka sita, kaka yake alipofariki, akamlea, akamfundisha piano. Na kwa kuwa binti alimwita Shangazi, chuo kizima cha muziki nacho kikamwita Shangazi, hata mkuu wa chuo, ambaye alimzidi umri.

Sasa Shangazi alikuwa anastaafu, na mkuu wa chuo alimwachia yeye amchague wa kukalia kiti chake. Binti aliomba. Aliomba mara moja tu, jikoni, akiwa anakausha vyombo.

"Shangazi, na mimi je?"

"Wewe unapiga vizuri, mwanangu. Ila huna subira. Kile si kiti cha mtu wa haraka."

Binti akaimaliza sahani aliyokuwa nayo mkononi, akaipanga na nyingine, hakuomba tena. Shangazi akaandika barua ya kumpendekeza bwana mmoja aliyesomea ng'ambo, akaitia kwenye mkoba. Ilibaki saini tu. Jina angelitangaza redioni, maana redio ilikuwa imemwalika, na Shangazi hakuwahi kuikataa hadhira.

Basi asubuhi hiyo wakaenda. Binti ndiye aliyeendesha gari. Studio yenyewe ilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa sponji kama ya godoro, meza moja, vipaza sauti viwili, na kioo kikubwa. Nyuma ya kioo alikaa fundi mitambo, na binti akapewa kiti pembeni yake. Kipindi chenyewe kilikuwa hivi: mtangazaji anaweka rekodi bila kumtaja mpigaji, mgeni anasikiliza na kusema la moyoni, kisha ndipo anaambiwa ni nani. Na kilikwenda moja kwa moja hewani.

Rekodi ya kwanza haikufika hata dakika, Shangazi akainua kidole.

"Huyu sihitaji jina lake, namjua kwa mkono wake wa kushoto. Unatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Santuri hii nimeichakaza tangu usichana wangu. Nawapenda wapigaji wa namna hii, wasiokuonyesha jasho lao." Akamtaja, akapatia.

"Sikio hilo!" mtangazaji akacheka. "Ya pili hii hapa."

Ya pili ilikuwa muziki wa polepole, wenye kona nyingi za kimya. Shangazi alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, akajifanya anasafisha miwani.

"Simjui," alisema. "Ajabu, simjui. Lakini umesikia pale katikati? Sauti inakwisha, naye hajaiachilia, anaisindikiza mpaka mlangoni kama mgeni wa heshima. Hilo halifundishwi kwa fimbo."

"Huyo ungempa kiti chako?"

"Leo hii! Bila hata kumuuliza jina."

Mtangazaji akatabasamu akiangalia meza, akaweka ya tatu. Muziki ulikuwa ule ule, ila mpigaji mwingine. Shangazi akaanza kutikisa kichwa mapema.

"Ah, jamani. Huyu ameacha chungu motoni nini? Anakimbizwa na nani? Vidole vina nguvu, sikatai, lakini sikia, kila mahali pa kupumua anaparuka kama dimbwi. Anataka tumwone yeye. Muziki anaukanyaga." Kisha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza, akacheka na kuegemea kipaza sauti. "Huyu namjua kama ninavyovijua vidole vyangu. Ni binti yangu, yule pale nyuma ya kioo. Nimemwambia miaka yote, subira, hasikii."

Nyuma ya kioo binti alikuwa anatikisa kichwa na kupunga mkono, anamfanyia ishara anyamaze. Shangazi akadhani ni aibu. Akamtolea tabasamu la pole. Ukweli hauumi ukisemwa na anayekupenda, ndivyo alivyoamini.

Hapo muziki ukapanda kwenye sauti za juu kabisa, upande wa kulia, na ndani ya santuri kitu kikalia: nyiii.

Shangazi akaacha kucheka.

Mlio ule aliujua. Stuli yake ya piano ilitengenezwa na baba yake, na mguu mmoja ulilia hivyo kila alipoegemea upande wa kulia kuzifuata sauti za juu. Na santuri yake mwenyewe ilirekodiwa nyumbani, kwa piano yake na stuli yake. Na wiki aliyoletwa binti, mtoto aliuogopa ule mlio akakataa kuikalia stuli, ikabidi aitwe seremala, akapiga gundi na msumari. Stuli haikulia tena mpaka leo. Kwa hiyo aliyeikalia ikilia ni mtu mmoja tu: yeye mwenyewe.

"Mashine yenu inakimbia," alisema. "Inauvuta muziki. Ipimeni."

"Iko sawa, Shangazi," fundi mitambo akajibu kwenye spika. "Nimeipima asubuhi."

"Rudisha mwanzo. Sauti ya kwanza tu."

Akarudisha. Shangazi akaiimba ile sauti kwa mdomo uliofungwa, kabla haijalia, kutoka kichwani mwake, na ilipolia zikakutana sawasawa; mashine ingekimbia, sauti ingepanda. Sikio lake halikuwahi kumdanganya miaka sitini na miwili. Siku hiyo alilitamani lidanganye mara moja tu. Mashine haikuwa inakimbia. Aliyekimbia ni yeye.

Sekunde kumi za kimya redioni ni ndefu kuliko saa nzima msibani. Fundi mitambo akazungusha mkono hewani: semeni kitu, semeni chochote!

"Naam, wasikilizaji," mtangazaji akajikohoza, "santuri hii ya tatu ni ya, ni ya mgeni wetu mwenyewe. Tulidhani, yaani, tulidhani atafurahi."

"Na ya pili?" Shangazi akauliza.

"Tuliipata maktaba ya chuo. Ya mwaka jana." Akatazama kioo. "Ni ya huyo binti yako."

Maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi akakielekeza kidole kwenye kioo. "Mlete hapa," akasema.

Binti akaingia, akasimama kando ya meza mikono nyuma, kama siku za masomo.

"Nani amekufundisha kungoja vile?"

"Wewe, Shangazi."

"Mimi? Si umenisikia, nimeacha chungu motoni?"

"Si kwenye santuri. Nyumbani. Asubuhi, ukidhani nimeshakwenda sokoni. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi na kikapu changu, nasikiliza mpaka umalize. Ukiwa peke yako hukimbii."

"Na santuri?"

"Niliisikiliza mara moja, nina miaka kumi na miwili. Sikuipenda."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje, Shangazi? Halafu ningelala wapi?"

Nyuma ya kioo fundi mitambo aliziba mdomo kwa mkono. Shangazi hakumwona. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo wanafunzi wote aliowatuma kwenye ile santuri, wakairudia na kuirudia wajifunze subira, wakajifunza mbio. Akafungua mkoba, akatoa ile barua. Akalikata jina la yule bwana kwa mstari.

"Na kile kiti?" mtangazaji akauliza kwa sauti ndogo, kama anayepita karibu na mbwa aliyelala.

"Si nimeshasema? Nchi nzima imenisikia. Leo hii, bila kumuuliza jina." Akamgeukia binti. "Unakitaka bado, au nimechelewa?"

Binti hakucheka wala hakulia. Alifikiri, na alifikiri polepole, akamwacha shangazi yake angoje.

"Nakitaka," alisema. "Lakini usimwambie tena mwanafunzi yeyote aende akaisikilize ile santuri."

Shangazi akaikunja barua. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu, akasahau kabisa kwamba redioni watu hawaoni vichwa, mpaka mtangazaji akainama kwenye kipaza sauti chake akawaambia wasikilizaji kwamba amekubali.