Maji ya Pipa la Nubar

Maji yalinguruma kwenye koo la bomba, yakakohoa mara mbili, yakanyamaza.

Vahe aliliinamisha pipa hadi tone la mwisho. Tope jeusi lililoganda chini alilikomba kwa kiganja, akalisukumia kwenye shimo la maji taka, kisha akafungulia maji mengi lisibaki hata doa. Alipolijaza upya, mwanga wa dirisha ulitua ndani yake, mweupe, mtulivu. Akachukua kamera. Hiyo sasa ndiyo picha.

Kwa siku arobaini alikuwa akipanda ngazi za jengo la wasonara, nyuma ya Soko Kuu la Istanbul, kuwapiga picha mafundi wa Kiarmenia waliobaki humo. Walihesabika kwa vidole. Kambi yake aliipiga kwa Fundi Nubar, kwa sababu chumba hicho ndicho alichofanyia kazi babu yake, Sarkis mchonga nakshi. Siku ya kwanza hakuomba ruhusa, alitangaza: "Mimi mjukuu wa Sarkis. Damu yangu imetoka kwenye meza hii." Akasimulia na ya ngozi ya babu, ile anayoitandaza sonara magotini kudaka unga wa dhahabu. Kwao ilitundikwa sebuleni ndani ya kioo, haijaguswa na maji tangu mzee afe, naye angeiweka katikati kabisa ya maonyesho yake.

Fundi Nubar alisikiliza, akajibu neno moja tu: "Ukitoka, kung'uta viatu mkekani."

Vahe alikung'uta siku mbili, akaacha. Mambo ya wazee.

Sasa mzee aliingia akitoka chumba cha jirani, mikono myeusi kwa kazi ya tupa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, kama alivyokwenda kila siku ya maisha yake, akainama, akakutana na uso wake mwenyewe.

"Maji yako wapi?"

"Si hayo, Fundi! Nimekubadilishia. Yale yalikuwa machafu, yananiharibia picha. Haya, tumbukiza mikono, polepole."

Mzee akatumbukiza mikono. Labda ni mazoea, labda hakujua afanye nini kingine. Kamera ikalia.

Garbis mtia vito, jirani yake, alikuwa amemfuata nyuma, mkate wa ufuta mkononi. Alilitazama pipa, akalitazama shimo, akaacha kutafuna.

"We kijana, usiniambie umemwaga."

"Nimemwaga. Kwani kuna nini?"

"Kuna nini! Msikieni! Kamwaga arusi nzima, anauliza kuna nini!"

Ndipo Vahe akageuka kulitazama shimo. Sonara hanawi popote ila kwenye pipa lake. Unga unaoshika vidoleni huzama, na miaka ikipita tope hukaushwa, likachomwa, likayeyushwa kutoa dhahabu. Na katika chumba hicho, binti wa meza, wa ukoo wa mafundi, haolewi kwa dhahabu ya dukani. Pete yake hutoka kwenye maji ya mikono ya wazee wake. Pipa lile lilikuwa na miaka kumi na moja ya mikono ya Nubar. Talin, mjukuu wake, angeolewa Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Macho ya mzee yalikuwa yanazimika. Baada ya pete hiyo angefunga mlango.

Kilichomchoma Vahe ni kwamba hayo yote aliyajua. Mama yake mwenyewe alivaa pete ya pipa. Alikuwa ameshaiandika desturi hiyo kwenye karatasi za maonyesho, kwa maneno matamu yenye vina, akajisomea kwa sauti na kujipongeza. Hakuwahi kuinama akaangalia pipa lenyewe.

"Sikujua," alisema, na nusu yake ilikuwa uongo.

"Mjukuu wa Sarkis hakujua!" Garbis alijipiga paja. "Mjukuu wa muuza kabichi angejua! Paka wa jengo hili anajua, ndiyo maana hanywi maji humu!"

"Garbis, funga mdomo," alisema Nubar. "Na neno lisitoke nje. Kijana amebeba jina la babu yake."

Afadhali angemtukana. Afadhali angemchapa kibao. Vahe alipiga magoti, akafungua bomba la shimo kwa spana, akachimba kwenye kona yake kwa kijiko. Alipata tope la kujaza kifuniko cha chupa. Mengine yalikuwa yamekwenda zake, chini ya soko, kuelekea baharini.

Talin aliwakuta hivyo, mmoja sakafuni, wawili wamesimama kama wafiwa. Alikuwa ameleta chakula cha Kwaresima, matonge ya dengu na kitunguu.

"Kulikoni? Nani kafa?"

Garbis alianza kuihesabu mihimili ya dari.

"Pipa limevuja," alisema Nubar. "La zamani. Nilipaswa kulitazama."

 Talin aliweka chakula mezani, akamfuta babu yake mikono kwa kitambaa chake. "Basi, babu. Pipa kuukuu kama wewe, ungetegemea nini? Hata wewe unavuja puani. Nitavaa hata waya."

Alicheka, lakini aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. Vahe, kijiko mkononi, aliacha uongo ule usimame. Pumzi moja. Pumzi ya pili. Mzee alikuwa amemfunika kwa shuka lake mwenyewe, naye alikuwa amelala chini yake kimya, yeye mwenye damu ya meza! Pumzi ya tatu ikamshinda.

"Halikuvuja, dada. Nimelimwaga mimi. Nilitaka picha ipendeze."

Talin aligeuka. Alimtazama viatu, akapanda taratibu hadi usoni.

"Imependeza?"

Vahe aliitazama kamera. Ilikuwa imependeza. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga: mzee juu ya maji maangavu, akitafuta kitu ambacho hakipo.

"Vua viatu," alisema Nubar.

"Fundi?"

"Siku arobaini umetembea juu ya vumbi langu bila kukung'uta. Vua. Na huo mkanda wa kamera. Na hilo shuka unalotandika sakafuni chini ya vifaa vyako."

Walivichoma vyote katika tanuri dogo la Garbis, pamoja na tope la bomba na ngozi ya Nubar mwenyewe aliyoifungua kiunoni. Moshi wa mpira uliwatoa machozi, na Vahe aliushukuru moshi huo. Majivu yakaingia chunguni na dawa ya kuyeyushia, moto ukavuma, na jua lilipoegemea dirisha mzee alipindua chungu juu ya jiwe. Ikabingirika punje moja, ndogo kuliko punje ya mtama.

Nubar aliisogeza karibu na jicho. "Haitoshi kidole cha mtoto."

"Pete ya mwanasesere," alisema Garbis, ila safari hii kwa upole.

Vahe alisimama peku kwenye sakafu ya babu yake. Akilini aliiona ngozi ya babu sebuleni kwao, nyuma ya kioo, jinsi wageni walivyosimama mbele yake, jinsi alivyozoea kuvuta pumzi kabla ya kusema ni ya nani. Miaka hamsini ya unga kwenye mikunjo yake. Mama angelia. Ukutani pangebaki msumari.

"Talin," alisema, na sauti yake haikuwa na madaha yoyote, "ngozi ya Sarkis ilikaa chumba hiki hiki, chini ya meza hii hii. Kesho asubuhi nitaileta, babu yako aichome, itoke pete. Na kamera nitaiacha nyumbani."