Mstari Ambao Haukuwepo

Pale kiwanda cha uchapaji walimwita Jicho, na si kwa kumsifu tu. Wapiga chapa walimwogopa. Miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijaingia mtamboni. Wala hakuwa na macho makali. Alijua tu kwamba jicho ni vivu: hunyakua herufi chache, huruka, na pengo linalobaki akili hulijaza kwa kukisia. Ndiyo maana alisoma kinyumenyume, kutoka mstari wa mwisho kwenda wa kwanza, rula ikifunika mingine, ili maana isimburute. Na chumba chao kilikuwa na sheria moja: hakuna anayesoma habari za mtu wake.

Kisha mumewe akafariki, na Jicho akaivunja. Kijitabu cha maziko alikiandika mwenyewe, akakisoma mwenyewe. Mwenzake wa meza ya pili alijitolea kumsomea.

"Huyu ni wangu, dada. Niachie."

Akasoma kutoka juu kwenda chini, kama wasomavyo watu wote, maana alitaka kumwona mumewe akizaliwa, akikua, akimwoa. Siku hizo usingizi ulikuwa umemhama na mwili wote ulikuwa mzito. Akatia sahihi, kikachapwa.

Wifi yake alipokuja kuvichukua vijitabu, alifungua kimoja, akakisoma hadi mwisho.

"Wifi, hapa kaka ameacha watoto wawili. Wewe uko wapi?"

"Nipo hapo hapo. Nimejiona."

"Hupo. Hebu soma."

Akasoma. Hakuwepo. Akaitafuta karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Hata humo hakuwemo. Na angeapa mbele ya yeyote kwamba mstari ule aliuona, tena zaidi ya mara moja. Angemlaumu nani? Wifi hakumsema, alimvutia kiti tu.

Maziko yalikuwa kesho yake, muda wa kuchapa upya ulikuwepo. Mwenzake akafungua ukurasa kwenye kompyuta.

"Niambie tu, dada. Niandike ameacha mke, au ameacha mjane?"

Jicho aliiangalia tena ile karatasi yake. Mara zote zile alizojiona pale, alijiona mke.

"Mjane," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki hospitalini.