Mashine Mbili, Diski Moja

Maneno yalimkuta Mama Fundi kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ndoo ya mahindi bado iko kichwani.

"Eti kule redioni sauti za zamani zote zimeharibika," alisema msagishaji, bila kumlenga mtu. "Mitambo imegombana yenyewe kwa yenyewe."

"Imegombana kama mawifi?" mmoja akadakia, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mama Fundi hakucheka. Alifika nyumbani hajui amepita njia gani. Marehemu mumewe alikuwa mtangazaji wa redio ile tangu ujana wake mpaka kifo, na alichoacha ni kaseti kumi na tisa ndani ya boksi. Kaseti zilipoanza kuota ukungu, binti yao, ambaye sasa ndiye fundi mitambo pale pale redioni, alizihamishia zote kwenye diski ya kazini. "Sasa baba haozi tena, mama," alisema. Kwa kuwa ule ukungu ulimkohoza, Mama Fundi alizichoma kaseti zile nyuma ya nyumba. Alizichoma kwa mkono wake mwenyewe, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Yale maneno ya foleni yakamganda kama kupe. Binti akirudi jioni anakula, anaosha vyombo, anakaa.

"Kazi?"

"Inakwenda, mama."

Lakini binti alikuwa akiuambia ukuta. Siku nne ikawa hivyo hivyo. Kila mara Mama Fundi alipofungua kinywa aulize, alikifumba, akarudi kwenye cherehani yake. Alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akaurudia vile vile.

Siku ya tano, saa nane mchana, alikunja pazia ambalo redio ilikuwa imemwagiza, akalitia kwapani, akaenda. Alikuwa na sababu ya kuingia, na hakuna ambaye angemuuliza.

Chumba cha mitambo kilikuwa kidogo kama stoo, hakina dirisha, na baridi yake ilikuwa ya kutafuna mifupa. Mashine mbili nyeusi zilipangwa moja juu ya nyingine, na chini yake lilikuwepo kasha la diski, linapepesa taa za kijani. Binti alikuwa amejikunyata ndani ya sweta.

"Mama! Kuna nini?"

"Nimekuja kumsikia baba yako."

Binti hakubisha. Alimvisha vipokea sauti masikioni, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta: kaseti ya saba. Jina lilikuwepo. Akabonyeza.

"Wasikilizaji wapenzi, leo ni..." Ndiye! Na ile pumzi yake fupi kabla ya neno, ndiyo yenyewe. Halafu mwanamke akaingia anaimba habari za sabuni yenye povu jingi, na nyuma yake ukafuata mlio kama msumeno juu ya bati. Kaseti ya nane ilikuwa mlio mtupu. Ya tisa ilikuwa taarifa ya michezo ya wiki iliyopita. Walirudi ya kwanza, wakaenda mpaka ya kumi na tisa, na hapakuwa na sentensi hata moja iliyofika mwisho.

Mama Fundi alivua vile vitu taratibu. "Huyu wa sabuni amefikaje kinywani mwa baba yako?"

Binti alikaa sakafuni. "Mashine zote mbili zinaandika kwenye diski hii moja, mama. Moja ikifa, nyingine inaendelea, redio isinyamaze. Zinaitana kwa waya huu. Moja inauliza, upo? Nyingine inaitika, nipo. Ndivyo zinavyopeana zamu ya kuandika."

"Kama mafundi wawili kwenye kitambaa kimoja."

"Hivyo hivyo. Sasa mwenzako asipoitika, utajuaje kama amekufa au hasikii tu?"

"Nitajuaje? Namnyang'anya mkasi kwanza, ndipo nikate. La sivyo tutakata wote wawili, yeye suruali, mimi gauni."

Binti alimtazama, machozi yakaanza kumtoka. "Niliiweka hiyo sheria. Asiyeitika, mwenzake anamkatia umeme kabla ya kugusa diski. Niliipanga siku tatu, nikaijaribu, ikakubali. Lakini waya ulikuwa umelegea. Kila ukicheza, mashine moja inazimwa, na mpaka nyingine ishike zamu, mtangazaji anabaki mdomo wazi katikati ya habari. Mkuu akaniambia, zima hicho kidudu chako, hapa tunatangaza habari, hatuchezi kombolela. Nikazima. Kwa muda tu, mpaka waya mpya ufike."

"Haukufika?"

"Ulifika. Uko chini ya meza, ndani ya boksi lake. Sikuandika popote kwamba nimezima, na kazi zikanizonga. Wiki iliyopita wakahamisha meza, waya ukachomoka. Kila mashine ikadhani mwenzake amekufa. Zote zikaandika."

"Si ulisema kuna nakala?"

"Diski ni pacha, mama. Kinachoharibika huku, kinaharibika kule. Nilidhani hiyo ndiyo nakala."

Mama Fundi alitaka kugomba. Kinywa kilikuwa tayari. Lakini binti akasema, polepole, bila kumtazama, "Na nilikuuliza."

Ndipo akakumbuka. Binti alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Mama, mkuu anataka nizime ulinzi, na mimi naona si sawa, nikatae? Na yeye, mguu haukutoka hata kwenye pedeli ya cherehani, alijibu: Mwanangu, usibishane na mkubwa. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi? Kubali yaishe.

Mlango ukafunguliwa, mkuu akaingiza kichwa. "Aa, Mama Fundi! Pazia limekuja? Pole na hayo, mitambo ni mitambo."

"Pazia hili hapa, baba. Lipime mwenyewe, usije ukasema fundi alikosea."

Mkuu alilichukua, akajikohoza, akaondoka.

"Nisamehe, mama," binti alisema.

"Nyamaza. Ikate sauti ya baba yako pale kabla ya sabuni. Weka kwenye simu yangu, na kwenye yako, na mpelekee shangazi yako."

Yalikuwa maneno manne. Wasikilizaji wapenzi, leo ni. Alirudi nyumbani akiyasikiliza, na mpaka leo hajui ilikuwa siku gani.

Basi, mwenye mtoto kwenye kazi hizi, na mwenye kitu chake ndani ya mitambo ya watu, aepuke haya:

Kuunganisha mashine mbili kwenye diski moja bila sheria ya kumkatia umeme asiyeitika.

Kuizima sheria hiyo kwa sababu inasumbua. Kitafutwe kinachoisumbua.

Kutegemea waya mmoja peke yake.

Kusema "kwa muda tu" bila kuandika, na bila tarehe.

Kuita diski pacha nakala. Nakala ikae nyumba nyingine.

Kuchoma cha zamani kabla ya kusikiliza kipya mpaka mwisho.

Kumwambia mtoto akubali yaishe, kwa kazi ambayo yeye anaijua na wewe huijui.

Kukaa siku nne na jambo ulilolisikia siku ya kwanza.